Kodi Mbili Zenye Jina Moja

Asubuhi moja ya Septemba 2023 Mama alinipigia simu kutoka Manzese, Dar es Salaam, akaniambia kwamba wapangaji wamegombana kwa sababu ya LUKU, umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Nyumba yetu ina vyumba sita na mita moja ya umeme. Mama anaishi katika chumba kimoja, vitano vimepangishwa, na kwa miaka mingi wapangaji wamekuwa wakinunua umeme kwa zamu: ukiisha wa chumba cha kwanza, ananunua wa chumba cha pili, mpaka mzunguko ukamilike na kuanza tena. Siku hiyo zamu ilikuwa ya dada anayeuza vitumbua, wa chumba cha tatu. Alinunua umeme wa shilingi 5,000 kama kawaida yake, akitarajia uniti kumi na nne, zikaja tisa na kidogo. Ujumbe ulioingia kwenye simu yake ulionyesha kwamba shilingi 1,500 zimekatwa kuwa kodi ya jengo. Yeye hana jengo. Ana chumba kimoja chenye kitanda, ndoo tatu za unga wa mchele na jiko la mkaa analoliweka mlangoni, na chumba hicho alikuwa anakilipia shilingi 50,000 kwa mwezi. Alisimama katikati ya korido akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka uani: "Hii kodi ya nani tena? Mimi kodi si nimeshalipa?"

Kiswahili chetu hakimsaidii sana katika swali hilo. Fedha ambayo mpangaji anampa mwenye nyumba ni kodi, na fedha ambayo mwananchi anaipa Serikali ni kodi pia. Maofisini watu huongeza maneno ili kuzitenganisha, wakasema kodi ya pango, kodi ya majengo, kodi ya zuio, kodi ya mapato. Lakini ndani ya korido ya nyumba ya vyumba sita zote ni kodi tu, na kila anayeisikia anashika mfuko wake. Mimi ni mhasibu, na kazi yangu ya kila siku ni kuzitenganisha kodi hizo kwenye vitabu. Ni mpangaji pia, maana nimepanga Dodoma ninakofanya kazi, na tangu Baba alipofariki ndiye ninayemsaidia Mama kuiendesha nyumba ya Manzese. Nimekaa pande zote mbili za mlango, na kadiri miaka inavyokwenda ninaona kwamba kodi hizi mbili haziko mbali sana kama vitabu vyangu vinavyodai.

Niianze na hiyo ya LUKU. Tangu tarehe 20 Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme. Kiwango cha mwanzo kilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa mijini. Kuanzia Julai 2023 viwango hivyo vilipanda kuwa shilingi 1,500 na shilingi 7,500, maana yake shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na shilingi 90,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Makato hufanyika katika ununuzi wa kwanza wa mwezi, na mwezi ukipita bila kununua, deni linasubiri. Kama njia ya kukusanya, sina budi kuisifu. Zamani kodi hii ilidaiwa kwa kupeleka watu mtaa kwa mtaa wenye karatasi za madai, nyumba nyingi zilirukwa, na kumfuata mdaiwa wa shilingi 10,000 kulikuwa na gharama yake. Mita ya umeme haikimbii, haijifanyi haipo nyumbani wala haina mjomba halmashauri.

Tatizo ni kwamba mita inamjua anayetumia umeme na haimjui mwenye nyumba. Kisheria kodi ni ya mwenye jengo, na maafisa walilieleza hilo mapema: mpangaji aliyekatwa amalizane na mwenye nyumba wake. Neno "mmalizane" ni jepesi kulitamka ukiwa nyuma ya kipaza sauti. Katika nyumba yenye mpangaji mmoja na mita moja linawezekana, mtu anapunguza fedha hiyo katika kodi ya mwezi unaofuata. Katika nyumba ya zamu kama yetu aliyekatwa ni yule ambaye zamu yake imeangukia mwanzoni mwa mwezi, na mwezi ujao atakuwa mwingine. Shilingi 1,500 ukizigawa kwa vyumba vitano ni shilingi 300, bei ya vitumbua viwili vitatu, na kwa ajili ya fedha hiyo wapangaji walianza kuviziana, kila mmoja akijaribu kuhakikisha kwamba umeme unaisha zamu ikiwa ya mwenzake. Nyumba zilizogawa mita kwa kila mpangaji zilikuwa na kero ya aina nyingine, kwa kuwa ilibidi mwenye nyumba atoe taarifa ili jengo moja likatwe kwenye mita moja tu.

Nitaje pia jambo ambalo halisemwi sana. Kwa kuwa kiwango ni kimoja kwa kila nyumba isiyo ya ghorofa, nyumba ya Mama yenye choo cha uani inalipa shilingi 18,000 kwa mwaka, na nyumba ya chini iliyoko Masaki, yenye bustani na bwawa la kuogelea, inalipa shilingi 18,000 hizo hizo. Ninafahamu sababu: uthamini wa kila jengo ni ghali na unachukua miaka. Lakini kodi ya majengo isiyotazama thamani ya jengo inakuwa kodi ya kichwa iliyohamishiwa kwenye paa.

Kodi ya pili ilinikuta mimi mwenyewe nikiwa mpangaji. Sheria ya Fedha ya 2022 ilipanua wajibu wa kodi ya zuio kwenye pango. Kabla yake, wajibu wa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, ulikuwa wa kampuni, taasisi na watu waliopanga kwa ajili ya biashara. Baada yake, hata mtu aliyepanga nyumba ya kulala akatakiwa afanye hivyo. Kelele zilikuwa nyingi mwezi ule wa Julai, na Serikali ikafafanua kwamba mlipaji wa kodi ni mwenye nyumba, mpangaji ni mkusanyaji tu anayekata katika fedha ambayo angeitoa kwa vyovyote. Ufafanuzi ulikuwa sahihi kabisa kisheria. Nikauchukua kama ulivyo nikaenda nao kwa mwenye nyumba mpya niliyekuwa ninataka kupanga kwake, Dodoma, mwishoni mwa mwaka huo.

Alikuwa mzee mstaafu, mpole, aliyenikaribisha kibarazani na kunimiminia kahawa. Bei yake ilikuwa shilingi 400,000 kwa mwezi, kwa miezi sita. Nikamweleza kwa heshima kwamba nitamkabidhi asilimia 90, na asilimia 10 nitaipeleka kwa jina lake, kisha nitamletea stakabadhi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kijana wangu," akasema, "mimi nimekutajia laki nne. Nataka iingie mkononi ikiwa laki nne. Hayo mengine utajua wewe na hao waliokutuma."

Nikamwambia kwamba hakuna aliyenituma, ni sheria ya nchi. Akaniuliza kama nimeshaiona nyumba nyingine ya vyumba viwili, yenye maji ya uhakika na karibu na lami, kwa bei ile. Sikuwa nimeiona. Dalali aliyenileta alikuwa amekaa pembeni akichezea funguo, na kwenye simu yake alikuwa na wateja wengine wawili waliotaka kuja jioni. Basi tukaandikiana shilingi 445,000. Kwa miezi sita ni shilingi 2,670,000, zuio likawa shilingi 267,000, na mzee akapokea shilingi 2,403,000, yaani laki nne zake kila mwezi na chenji ya soda. Kwenye stakabadhi ya kodi jina lililoandikwa ni lake, ingawa fedha ilikuwa yangu.

Simlaumu mzee. Alikuwa anafanya kile ambacho hata muuza nyanya anakifanya ushuru wa soko unapopanda, na alikiweza kwa sababu ya hali ya mji. Mwezi Julai 2016 ilipotangazwa kwamba Serikali yote inahamia Dodoma, hakuna kifungu hata kimoja cha sheria ya pango kilichoguswa, lakini sidhani kama kuna sheria yoyote ya pango iliyowahi kuubadilisha mji huo kama tangazo lile. Watumishi walifika kabla ya nyumba, na nyumba ya chini ya kawaida, iliyokuwa ikimsubiri mpangaji, ikawa inapangiwa foleni na wapangaji. Upande wa pili, katika majengo ya ofisi ya katikati ya Dar es Salaam yaliyobaki na ghorofa tupu, wenye majengo ndio walioanza kubembeleza. Asilimia 10 ya zuio ni ile ile Posta na Dodoma. Kule ambako vyumba ni vichache inamwangukia mpangaji, na kule ambako vyumba ni vitupu inamwangukia mwenye jengo. Bunge linaweza kuandika jina la mlipaji, lakini idadi ya vyumba vilivyo wazi ndiyo inayoamua ni nani atakayeumia.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama Serikali inawaumiza wenye nyumba au inawapendelea, huwa ninauliza kwanza imefanya nini ili vyumba viongezeke. Na hapo ndipo nyumba ya Baba inapokuwa na habari ya kueleza.

Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Urafiki, na alianza yeye mwenyewe kuwa mpangaji Manzese. Katika miaka ya sitini sera ya Serikali kuhusu makazi ya aina ile ilikuwa kuyavunja na kujenga upya, na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, ndilo lililokabidhiwa kazi hiyo. Nyumba zake zilikuwa nzuri, lakini nyingi zilisimama mahali ambapo nyingine zilikuwa zimebomolewa, kwa hiyo fedha nyingi zilitumika bila vyumba kuongezeka kwa kiasi hicho. Miaka ya sabini mawazo yakabadilika. Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka barabara na maji, ikawaachia watu wajenge wenyewe. Na Manzese, iliyokuwa imekwisha jengwa kiholela, haikuvunjwa bali ilitengenezwa ilivyo, ikapitishiwa barabara, mabomba ya maji na mifereji. Benki ya Nyumba, iliyoanza kazi mwaka 1973, ilikuwa na mikopo ya kujengea. Baba akachukua mkopo mdogo, akabadilisha kuta za miti na udongo kuwa za matofali chumba kimoja baada ya kingine, na kila chumba kilichokamilika akakipangisha ili kodi yake ilipie tofali za chumba kinachofuata. Wapangaji wake wa kwanza walikuwa wenzake wa kiwandani, watu wa zamu ya usiku, na Mama anakumbuka kwamba kitanda kimoja kiliweza kuwa na watu wawili ambao hawakuonana isipokuwa siku ya mapumziko.

Hakuna aliyekiita kitu kile ruzuku, lakini ilikuwa ruzuku, na kwa maoni yangu ndiyo ruzuku iliyozaa vyumba vingi kuliko zote tulizojaribu. Barabara na bomba la maji havikuwa vya Baba peke yake. Uhakika kwamba tingatinga haliji ulikuwa na thamani kuliko mkopo wenyewe, kwa sababu mtu haweki saruji mahali anapohofia kufukuzwa. Mpango ule haukukosa kasoro. Viwanja vya Sinza vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini vingi viliishia mikononi mwa wenye nacho, na Benki ya Nyumba ilielemewa na mikopo isiyolipwa mpaka ikafungwa mwaka 1995. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 nao ulifanya vizuri katika kupima, lakini bei ilipangwa kurudisha gharama na walionunua walikuwa na fedha taslimu. Hata hivyo tembea Sinza leo uhesabu mabanda ya uani. Karibu kila aliyejenga nyumba yake mbele aliongeza vyumba nyuma, na katika vyumba hivyo wameishi wanafunzi, makonda, wahudumu na wachumba waliooana karibuni, wasio na ndoto ya kupewa kiwanja na mtu yeyote.

Tulijaribu pia njia iliyo kinyume na hiyo. Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo iliyachukua majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Watanzania wenye asili ya Asia, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Majengo yaliyozidi umri wa miaka kumi hayakulipiwa fidia. Ninaelewa hasira iliyokuwa nyuma ya uamuzi ule, maana mji ulikuwa umegawanyika vibaya na wachache walikuwa wakikusanya kodi kwa wengi. Lakini kwa miaka mingi baadaye mtu mwenye fedha hakuthubutu kujenga jengo la kupangisha linaloonekana. Kodi ndogo ambazo wapangaji walilipa kwa Msajili hazikutosha rangi wala mabomba, na mwaka 1990 majengo hayo yalipounganishwa na Shirika la Nyumba mengi yalikuwa yamechoka. Waliowahi kupata chumba katika majengo yale walikuwa na bahati kubwa na hawakukiachia. Walirithishana, na wengine walikipangisha kwa mtu mwingine kwa bei ya soko wakibaki na tofauti. Ruzuku ilikuwepo, tena kubwa, lakini ilikuwa ya yule aliyefika kwanza.

Juu ya hayo kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango, ya mwaka 1984 ikichukua nafasi ya zile za kabla yake, iliyoweka kikomo cha kodi na kuwazuia wenye nyumba kumtoa mpangaji bila idhini ya baraza la nyumba. Manzese ilifika kwa mbali sana, kwa sababu hapakuwa na mikataba ya maandishi. Hata hivyo ninalo daftari la Baba la miaka ile, lenye jalada la bluu na majina ya wapangaji kwa herufi kubwa, na ukilifungua unaona tabia moja inayojirudia: mpangaji akikaa miaka mitatu analipa kodi ile ile miaka mitatu, akihama tu, mstari unaofuata una jina jipya na bei iliyoruka. Baba hakupenda kumpandishia mtu aliye ndani, kwa aibu na kwa hofu ya kupelekwa mbele za watu, akafidia kwa mgeni. Nimesoma kuhusu udhibiti wa kodi katika miji mingi, na kila mara ninakumbuka lile daftari. Aliyeko ndani analindwa, na gharama ya kumlinda inalipwa na kijana anayeshuka kwenye basi akitafuta chumba kwa mara ya kwanza.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, Tanzania Bara haina kikomo cha kodi ya pango. Yamebaki masharti ya jumla ya Sheria ya Ardhi na makubaliano ya watu wawili. Pengo lililobaki si la bei peke yake. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi, kwa hiyo wenye vyumba vya shilingi 50,000 hawajihangaishi kuuandika kabisa. Baraza la kata, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu bila kuamua, na suluhu ikishindikana mtu aende Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya. Muuza vitumbua hawezi kufunga biashara siku nzima kudai shilingi 1,500 huko. Baraza analolijua ni kibaraza cha Mama, na hapo ndipo mashauri yote ya nyumba yetu yanapoamuliwa, jioni, mwenyekiti akiwa anachambua mchicha.

Katika pengo hilo ndimo ilimojikita desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Viongozi wamewahi kuisemea vikali, wakitaka watu walipe kwa mwezi kama ilivyo kwa wapangaji wa Shirika la Nyumba. Mimi iliniumiza, kwa kuwa nilikopa kazini ili niingie kwenye ile nyumba ya Dodoma, nikamlipa na dalali mwezi mmoja juu yake. Lakini ukikaa upande wa mwenye nyumba unaona fedha ile inakokwenda. Mjenzi wa kawaida hana mkopo wa nyumba wa miaka ishirini. Anajenga kidogo kidogo, na kodi ya mwaka ya mpangaji ndiyo benki yake, inayonunua mabati ya nyumba iliyofika kwenye linta. Ukiikataza desturi hiyo kwa amri bila kumpa mjenzi mkopo wa riba anayoiweza, nyumba hiyo itakaa kwenye linta miaka mingine mitatu. Tuliwahi kumpokea mpangaji kwa mwezi mmoja mmoja, naye akaondoka usiku akiwa na deni la miezi mitatu na balbu zote.

Kuna kodi nyingine ambazo mwenye nyumba anazilipa bila kuziona. Kodi ya pango ya nyumba ya kuishi imesamehewa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na wengi wanaisikia kama neema. Ni neema nusu. Aliyesamehewa hatozi VAT, na kwa sababu hiyo hana njia ya kujirejeshea ile aliyoilipa kwenye saruji, nondo, mabati na rangi, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Mwenye jengo la biashara aliyesajiliwa anatoza na anajirejeshea. Mwenye vyumba vya kulala inamkaa mwilini. Mwaka 2023 ukaongezwa ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko. Mwezi ule fundi wetu alikuwa anajenga upya karo la choo, kazi ya mifuko kumi na miwili, na aliporudi kutoka dukani alimweleza Mama kwamba bei ni ya jana lakini Serikali imeomba elfu moja ya soda kwa kila mfuko. Mama hakucheka.

Hesabu ya Mama kwa mwaka, kabla hajapandisha kodi, ilikuwa hivi. Vyumba vitano kwa shilingi 50,000 ni shilingi 250,000 kwa mwezi, shilingi 3,000,000 kwa mwaka vikijaa bila kukosa. Wapangaji wake hawazuii asilimia 10, na sijawahi kumsikia mpangaji wa chumba kimoja anayefanya hivyo, kwa hiyo ninaipeleka mwenyewe: shilingi 300,000. Inakatwa kwenye mapato ghafi. Haiulizi kama mwaka huo gari la majitaka limekuja mara nne, kama mabati ya upande wa mashariki yamebadilishwa au kama chumba kimoja kilikaa kitupu miezi miwili. Mwenye nyumba mpya isiyovuja na mwenye nyumba ya miaka hamsini wanakatwa sawasawa, na kodi ya namna hiyo, bila kukusudia, inampunguzia hamu ya kukarabati yule ambaye nyumba yake inahitaji ukarabati zaidi. Wakenya nao wanatoza kodi ya pango la nyumba za kuishi juu ya mapato ghafi, lakini tangu Januari 2024 wameishusha kutoka asilimia 10 hadi 7.5, analipa mwenye nyumba mwenyewe bila kumpitishia mpangaji, na inaanzia kwa anayepata shilingi zao 288,000 kwa mwaka. Mapato ya Mama yakibadilishwa kuwa fedha ya Kenya ni kama 150,000. Kizingiti kama kile kingewaacha wajane wengi wa Manzese na Tandika wapumue, na sidhani kama hazina ingetikisika, kwa kuwa wengi wao haiwapati hata sasa. Sheria yao ya kudhibiti kodi, hata hivyo, sitamani tuiige. Inawahusu wanaolipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kikomo hicho kimeachwa palepale wakati kodi za Nairobi zimepanda mpaka wengi iliyowakusudia wako nje yake.

Nirudi kwenye korido. Siku ile ya ugomvi nilimshauri Mama njia ya kihasibu: wapangaji waandike makato kwenye daftari, na yeye amrudishie kila aliyekatwa. Alinisikiliza, kisha akafanya ya kwake. Tangu mwezi uliofuata, tarehe mosi alfajiri, kabla hata wapangaji wengine hawajaamka kwa ajili ya kazi, yeye ndiye anayenunua umeme wa kwanza wa shilingi 2,000. Shilingi 1,500 zinakatwa kwenye fedha yake, uniti moja na ushee inabaki kwa faida ya wote, na zamu inaanzia kwa chumba cha kwanza ikiwa safi. Ugomvi ukaisha. Muuza vitumbua alimletea sahani ya vitumbua kumi.

Mwezi wa kwanza mwaka uliofuata Mama akawaita wote kibarazani akawaambia kwamba chumba sasa ni shilingi 55,000. Akataja LUKU, akataja saruji ya karo, akataja gari la majitaka. Vyumba vitano kwa nyongeza ya shilingi 5,000 ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na kodi ya jengo iliyoanzisha yote ilikuwa 1,500. Nilimuuliza kwenye simu kama kuna aliyelalamika. Akasema wawili waliguna, na kwamba siku hiyo hiyo walipita vijana watatu wakiuliza kama kuna chumba.